Msoma Mita

Asubuhi ya Julai Mbeya imejivuta ukungu
mpaka kidevuni kwa Loleza.
Natoka na daftari, penseli
(kalamu ya wino hugoma kwa baridi hii)
na bisibisi ya kufungulia vifuniko.
Siulizi mtu kazi yake, wala dhehebu.
Naliinamia bomba lake, lenyewe litasema.

Kuna swali mji huu unalipenda kuliko salamu:
Unakaa wapi?
Ukijibu vibaya, kiti ulichokuwa unavutiwa
hurudi kilipotoka.
Ndiyo maana Ambakisye wa Mabatini, siku ile benki,
alisema, "Nyuma kidogo ya Forest."
Hakudanganya. Kuna korongo, kuna jalala,
kuna magogo mawili yanayoitwa daraja,
halafu ndipo nyuma kidogo.

Uzunguni nyumba zimekaa mbalimbali
kama ndugu walionuniana msibani.
Dohani juu ya paa, michongoma imenyolewa denge,
nyasi zinanyweshwa saa nne, saa kumi zinaogeshwa.
Mshale wa mita unakimbia
kama mtoto aliyeahidiwa chenji.
Uniti sitini na mbili.
Wakazi: mzee, mkewe, mbwa.

Soweto vyumba vimepeana migongo;
ukikohoa, jirani anakwambia pole.
Uniti kumi na tisa, familia sita,
na juu ya mita mtu ameandika kwa mkaa:
ATAKAYEFUA BLANKETI ALIPE PEKE YAKE.
Chini yake mkono mwingine, mdogo:
na wewe na viatu vyako.

Kisha napanda Iganzo. Napanda hasa,
magoti yanahesabu.
Maji ya mji huu hutoka mlimani,
na walio karibu na mlima ndio hawana.
Bomba kubwa linapita chini ya vibaraza vyao,
usiku wanalisikia likiguna, likiwahi huko chini.
"Tunalala juu ya maji," Mama Subilaga aliniambia,
"tukiamka tunakwenda kuyanunua."
Ndoo shilingi mia.
Uniti moja ni ndoo hamsini.
Ni hesabu ya darasa la nne; nimeifanya nikishuka,
nikaifanya tena, nikidhani nimekosea mimi:
ndoo ya kichwani ni ghali kuliko mvua ya nyasi.

Nyumba moja huiacha mwisho,
japo iko njiani, japo geti lake liko wazi.
Namba kumi na nne. Mita iko uani,
ubavuni mwa banda la watumishi,
na ndani ya banda hilo nilizaliwa mimi,
baba yangu Anyandwile akiwa jikoni kwa wenyewe
anakaanga mayai ya watu.

Fremu ya mlango bado ina mikwaruzo ya kisu:
urefu wangu, Krismasi kwa Krismasi,
mitano tu, wa mwisho unanifika kiunoni.
Sasa analala mbwa. Kawekewa balbu ya joto.
Sisi tulikuwa na jiko la mkaa na mlango wazi
tusife.

Nyumba hii inadaiwa miezi saba.
Mkobani nina amri tatu za kukata maji:
mbili za Soweto, moja ya Iganzo.
Nazipekua kila mwezi. Labda karatasi imejikunja,
labda kumi na nne imejificha katikati.

Sekela, binti wa kazi, anatoka na beseni la nguo.
"Ugonile, dada."
"Ndaga."
Ananitazama nilivyoweka kiganja kwenye fremu,
usawa wa kiuno, kama anayepapasa kichwa cha mtoto.
"Kwani dada unakaa wapi?"

Mshale unazunguka. Mbwa anapiga miayo.
Nasoma namba, naiandika, naifuta,
naiandika tena vilevile ilivyo.
"Nyuma kidogo," nasema,
nikifunika mita.